Chiriku Waliomzoea Alwyn

Alwyn aliingia jikoni na viatu vyake vya matope, akasimama katikati ya sakafu niliyotoka kuipiga deki. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe yake ndipo nikamwona uso. Mdogo wangu huyu hakuwa amecheka tangu Februari. Sasa alikuwa anacheka peke yake, mikono imening'inia, kama mtu aliyepewa zawadi asijue aiweke wapi. Akaniambia ndege amekuja kukaa kando ya mkono wake, na kidole kimemgusa ubawa, na hakuruka.

Nikamwambia avue viatu kwanza.

Mimi naitwa Glenda, dada yake mkubwa, na nyumba hii si yangu. Nilikuja hapa Wem, mji mdogo wa Uingereza, kwa juma moja tu baada ya kumzika mkewe, Rhona, nikamkuta mtu halali wala hali, anakunywa chai chungu kwa sababu hajui sukari inakaa wapi. Hadi leo niko. Tunagombana tangu asubuhi mpaka jioni: juu ya redio, juu ya mlango wa nyuma, juu ya namna ya kukaanga nyama ya nguruwe. Ndivyo tulivyolelewa. Alwyn ukimwambia mvua inanyesha atatoka nje kuhakikisha, kisha atarudi amelowa akwambie hayo ni manyunyu. Nampenda, na sijawahi kumwambia, kwa kuwa angeniuliza nataka nini.

Bustani ya nyuma ilikuwa ya Rhona. Si kubwa: kipande cha nyasi, mti mmoja wa tufaha, ua wa miba unaotutenganisha na jirani, na nguzo ya chuma yenye mirija ya mbegu za alizeti inayoning'inia juu ya meza ya ndege. Rhona alikuwa mwanamke mkali wa maneno, lakini akishakaa kwenye dirisha la jikoni na darubini yake alikuwa mtu mwingine. Shomoro wote aliwajua kwa sura. Kindi aliyekuwa akipanda nguzo kuiba mbegu alimtukana matusi ambayo mimi, niliyepika miaka mingi kwenye jiko la shule, sikuyajua. Jioni alimwekea kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miba, sahani ya chakula cha paka chini ya kibanda cha majembe. Na kila Jumamosi, jua au theluji, aliishusha ile mirija, akazimwaga mbegu za zamani, akaisugua kwa brashi na maji ya moto mpaka mikono ikawa myekundu.

Kati yake na Alwyn palikuwa na jambo. Mama yake Rhona alipokuwa mgonjwa, Alwyn alikataa asiletwe nyumbani. Alisema nyumba ni ndogo. Mama yule akafia kwenye makao ya wazee, na Rhona hakulitaja tena. Alimpikia mumewe, akamfulia, akamkumbusha kofia yake, lakini mkono wake hakumpa. Waliishi hivyo miaka mingi, kila mmoja na upande wake wa kitanda.

Kisha uvimbe ukamwota Rhona kichwani, na majuma ya mwisho akawa mpole. Alimshika Alwyn mkono mchana kutwa, akamwacha amlishe kijiko kwa kijiko, akawa anamtazama tu na kutabasamu. Siku moja akamwambia yeye ni mtu mwema. Alwyn amenisimulia hilo mara nyingi mpaka nalijua kwa moyo. Anaamini alisamehewa. Hana kingine alichobaki nacho, na hicho ndicho kinachomwamsha asubuhi.

Mimi najua jambo jingine. Siku moja nilipokwenda kumwona Rhona hospitali, nesi mmoja aliniita koridoni, akaniambia kwa haraka kwamba uvimbe ukiikandamiza ile sehemu ya mbele ya ubongo, tabia hugeuka. Wengine huwa wakali, wengine huwa kama watoto. Akasema tusimhesabie maneno yake, si yeye anayesema. Nikayameza. Sikumwambia mtu, na Alwyn ndiye wa mwisho ambaye ningemwambia.

Basi baada ya mazishi Alwyn akairithi ile bustani. Alinunua mbegu gunia kwa gunia, akaijaza mirija kila asubuhi. Ila kuishusha hakuishusha. Rhona ndiye aliyeitundika mara ya mwisho, kwa mikono yake, na mafundo ya kamba ni yake. Nilimwambia ile takataka iliyoganda chini ya mbegu inanuka. Akaniambia nishughulike na masufuria yangu. Tukagombana siku nzima, naye akashinda, kwa kuwa mafundo yale hata mimi sikuwa na moyo wa kuyafungua.

Kitu kimoja Rhona alikitaka na hakukipata: ndege ale mkononi mwake. Kuna watu wanaoweza, hasa kwa yule mdogo mwenye kifua chekundu anayemfuata mtu akilima. Kwake yeye kifua-chekundu alifika mpaka ncha ya kiatu, akaishia hapo. Alwyn akalichukua hilo kama deni. Tangu majira ya kiangazi alikaa kila asubuhi kwenye kiti karibu na meza ya ndege, kiganja wazi, mbegu juu yake, hatikisiki. Nilimtazama dirishani nikamhurumia. Nilimwambia kwamba Rhona, akimwona kutoka huko aliko, anasema huyo mjinga atapata mafua.

Na sasa amekuja ndege.

Kesho yake akanilazimisha nitoke nikaone. Ilikuwa asubuhi ya Septemba, nyasi zimelowa umande. Alikuwa chiriku wa kijani, ametulia pembezoni mwa meza, manyoya amejaza mwili mzima akawa duara. Alwyn akasogeza mkono polepole, akamgusa mgongo kwa kidole kimoja. Ndege akafumba macho, akafumbua.

“Unaona?” akaninong'oneza. “Ameniamini, Glen.”

Nilifurahi, siwezi kukataa. Macho ya Alwyn yalikuwa yamejaa machozi, na mimi mwenyewe pua ilianza kunichezea. Lakini kitu kilinikwaruza. Chiriku wale nawajua. Ni walafi na wagomvi, mmoja akishika mrija hamwachii mwenzake mpaka wapigane mabawa. Rhona alikuwa akiwaita wanasiasa. Huyu mbegu zilikuwa mbele yake, na alikuwa akizitafunatafuna na kuziacha zimwagike zikiwa mate matupu. Nikajiambia labda ni mzee.

Mchana ule Alwyn alikula sahani mbili za viazi na soseji. Aliimba akiosha vyombo. Akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba kiumbe chochote ukikivumilia vya kutosha, mwisho kinakuja chenyewe, hata kama kilikuwa kinakukimbia miaka yote. Nilijua hasemi juu ya ndege peke yake. Nikakausha sahani.

Siku mbili tatu baadaye, Alwyn akiwa ameenda dukani kununua mbegu, Hazel Gwilt akaniita kutoka upande wa pili wa ua. Hazel ni jirani yetu, mjane kama Alwyn, anavaa koti la mvua hata kukiwa na jua. Alikuwa ameshika mfuko wa mkate. Ndani yake mlikuwa na chiriku wanne wamekufa, miguu imekunjika.

“Hawa ni wa leo na jana,” akasema. “Chini ya ua wangu. Wanatoka kwenu.”

Nikamwambia paka wake amewamaliza shomoro wetu bila sisi kumpelekea mfuko mlangoni. Hazel hana haraka ya kukasirika, na hilo hunikera. Akanieleza kwamba ni ugonjwa wa koo. Koo linavimba, mbegu hazipiti, ndege anashinda na njaa amekaa katikati ya chakula. Anachotema yeye, mwenzake anakiokota, basi wanaambukizana hapo hapo mezani, na mirija michafu ndiyo mibaya zaidi. Tushushe kila kitu, tuoshe, tukaushe, tusilishe kwa majuma kadhaa ili watawanyike. Mwaka mmoja ugonjwa huo ulipita, akasema, na hakubaki hata chiriku mmoja mtaani.

Nikamuuliza mgonjwa anatambulikanaje. Niliuliza huku najua.

“Anavimbisha manyoya, anakaa tu. Hana nguvu ya kuruka. Unaweza ukamgusa, ukamshika kabisa,” akasema Hazel. Kisha akaongeza, kwa huruma, “Watu wengi hudhani amewazoea.”

Nikarudi jikoni nikakaa. Nilimwona yule nesi koridoni, akitazama saa yake. Nilijua nikimwambia Alwyn kwamba upole wa yule ndege ni ugonjwa, kichwa chake hakitaishia kwa ndege. Atavuka mwenyewe mpaka kitandani kwa Rhona. Na hapo sina cha kumpa, kwa kuwa ni kweli.

Basi nikaanza ujanja, na ujanja siuwezi. Alwyn alipokuwa anaoga nikaikata ile mirija kwa mkasi, mafundo na yote, nikaificha kwenye kibanda. Nikamwambia kuna panya, nimewaona wakubwa, na halmashauri itakuja kutupiga faini. Akaniangalia kama nimemvunjia kaburi. Akatoka bila kofia, akaitoa kibandani, akaitundika tena kwa waya. Hakunisemesha mpaka usiku, na hiyo haikuwa ajabu kwetu, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwangu kustahili.

Chiriku wake nilimkuta mimi, asubuhi, chini ya mti wa tufaha. Alikuwa mwepesi sana. Nikamfunga kwenye gazeti, nikamtumbukiza kwenye pipa la takataka, nikaweka maganda ya viazi juu. Alwyn alitoka, akakaa kitini, akangoja. Nilimwona akigeuza shingo kila upande. Nikamwomba Mungu, ambaye simsumbui mara kwa mara, kwamba jambo hili liishe hivyo hivyo: ndege aliyeondoka, basi.

Halikuisha. Siku ya Jumamosi Alwyn aligonga kioo cha dirisha kwa ukucha, taratibu, akaniashiria nitoke. Mezani palikuwa na watatu. Watatu, wote duara, wote midomo imelowa, na mmoja alikuwa juu ya goti la suruali yake. Jike, manyoya ya kijivu. Mdogo wangu alikuwa hapumui kwa furaha.

“Alikwenda kuniletea wenzake,” akasema.

Yule wa gotini alinyoosha shingo, akajaribu kumeza kitu ambacho hakikuwepo. Akajaribu tena. Nyuma ya ua nilisikia Hazel akiparura majani, na nilijua anachookota si majani matupu. Hapo ikanishinda. Sijui kama ilikuwa huruma kwa ndege au hasira kwa Alwyn, au nilichoka tu kuwa peke yangu na jambo lile.

“Alwyn, hao ni wagonjwa.”

“Punguza sauti. Utawatisha.”

“Siwezi kuwatisha, ndiyo ubaya wenyewe. Koo limeziba. Hawawezi kula, hawawezi kuruka. Hawajakuzoea, wanakufa. Na wanaupatia hapa, kwenye mbegu zako.”

Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa: nilikuwa na mfuko wa Hazel, na maneno ya Hazel, na ile takataka ya kijani chini ya mirija ningemwonyesha. Alwyn hakubisha. Alimtazama yule jike gotini kwa muda mrefu, akamwona anavyomeza. Alikuwa mtu wa kutazama, baada ya yote. Miezi yote ile alikuwa ametazama. Akamtia viganjani, akamweka juu ya nyasi palipo na jua.

“Yule wa kwanza?”

“Amekufa. Nilimtupa mimi.”

Akatikisa kichwa kukubali. Akafuta mikono kwenye suruali. Nilianza kudhani tumevuka, na ndipo akauliza bila kunitazama.

“Na Rhona?”

“Rhona amefanyaje?”

“Rhona naye hakuwa mtu wa kushikwa mkono.”

“Rhona alikuwa mtu, si ndege. Usiniletee upuuzi asubuhi yote hii.”

“Yule nesi alikuita koridoni,” akasema. “Niliwaona kupitia kioo cha mlango. Alikuwa akijigusa paji la uso. Alikuambia nini, Glen?”

Nimejisifu maisha yangu yote kwamba mimi simung'unyi maneno. Nimewaambia wakuu wa shule supu yao imeharibika, nimemwambia padri mahubiri yake ni marefu. Nilisimama pale kwenye nyasi na soksi zimelowa, nikatafuta uongo ambao ungemtosha mtu mmoja kwa miaka iliyobaki.

“Aliniambia Rhona anakuulizia wewe kila unapotoka,” nikasema. “Aliniambia hajaona mke anayempenda mume vile.”

Aliniangalia. Macho yake ni ya mama yetu, huwezi kuyakimbia.

“Wewe uongo huujui,” akasema, wala hakusema kwa ubaya. “Asante.”

Kazi aliifanya mwenyewe. Alikata waya, akashusha mirija yote, akamimina mbegu kwenye mfuko wa takataka, akachemsha maji birika kwa birika. Alisugua kwa brashi ya Rhona mpaka mikono ikawa myekundu. Meza ya ndege aliipindua, beseni la maji akalikausha kwa kitambaa. Wale watatu walikufa kabla ya chakula cha mchana, akawazika chini ya ua. Kisha akaenda mlangoni kwa Hazel Gwilt kumwomba radhi. Alwyn, kumwomba mtu radhi. Hazel alinisimulia baadaye kwamba alisimama kizingitini kofia mkononi kama mtoto aliyevunja kioo, na akaitikia kila alichoambiwa.

Bustani ikawa tupu. Siku za kwanza shomoro walikuja kwenye nguzo, wakaizunguka, wakapiga kelele, wakaondoka. Kindi alipanda juu kabisa, akakuta hakuna kitu, akatutazama dirishani kama tumemdhulumu. Kalunguyeye naye hakuonekana tena, labda kwa sababu ya baridi. Niliona ni heri. Nilijiambia likipita hili tutatundika upya, masika, safi, na Alwyn ataanza kunilalamikia mbegu nilizonunua ni za bei mbaya.

Mimi nilitegemea kilio, au ukimya wa Februari. Nilikuwa tayari kwa vyote viwili. Kilichokuja sikukitegemea. Alwyn akawa mtu rahisi. Nikimwambia azime redio, anazima. Nikimwambia mlango wa nyuma unaleta upepo, anainuka na kuufunga. Nilichoma nyama mpaka ikawa kaa, kwa bahati mbaya, akaila yote na kusema ni tamu. Nikimwambia mvua inanyesha, anasema ndiyo, inanyesha, na hainuki kitini. Anavaa ninachomtolea. Jioni ananiangalia nikifuma na kutabasamu kidogo.

Hazel akaniambia nishukuru, mtu amepata amani. Nikampigia daktari simu. Yule kijana akaniuliza kama analala, nikasema analala. Anakula? Anakula. Ana hasira, anafoka, anajitenga? Nikasema hapana, ndiyo shida yenyewe. Akacheka kwa adabu. Akasema huzuni ina hatua zake, na hii inaonekana ni hatua nzuri, tumlete baada ya Krismasi kama nina wasiwasi. Nikakata simu, nikamtukana simu ikiwa imekatika.

Wasiwasi ni neno dogo. Naogopa. Naamka nikiogopa, nasikiliza ukutani kama anakoroma, na akikoroma naogopa tena kwa sababu hata koromo lake limekuwa la taratibu.

Leo asubuhi nilitia nia. Nilikaa mezani mbele yake nikamwambia chai aliyonipikia ni maji ya kuoshea vyombo. Akasema pole, akainuka kunitengenezea nyingine. Nikamwambia mapazia ya Rhona ni mabaya na nitayachoma moto uani. Akasema kama naona hivyo, sawa. Nikatafuta kitu kibaya zaidi, na nilikuwa nacho, sote tunacho. Nikamwambia yule mama mkwe angeweza kulala kwenye chumba hiki hiki ninacholala mimi, nafasi ilikuwepo, na yeye alijua ipo. Mtu mwingine angenitupia kikombe. Alwyn wa zamani angenifukuza na mizigo yangu, na mimi ningefungasha nikiimba.

“Kweli,” akasema. “Nafasi ilikuwepo.”

Nikashindwa. Mimi, kwa umri wangu, nikalia juu ya mkate. Nikamwomba anigombeze. Nikamwambia, nibishie, Alwyn, nibishie kitu chochote, sema mimi ni mpumbavu, sema niondoke.

Akaniangalia kwa upole. Akaweka mkono wake juu ya wangu, akauacha hapo, nami nikaogopa kuusogeza wangu.